Barua ya wazi: Vishikwambi kabatini, mwanafunzi nje ya geti

Kwa:
Waheshimiwa mnaosimamia elimu ya sekondari, vyuo na mafunzo kazini,
Mikoa ya Nyanda za Juu Kusini.

YAH: SIMU NA VISHIKWAMBI KATIKA KUJIFUNZA, NA NANI ANAYEGHARIMIA

Waheshimiwa,

Shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wengine habari za kazi. Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia na Hisabati katika sekondari ya kata, huku kwenye milima ya Uporoto. Sitaitaja shule yangu wala halmashauri yangu. Ninayoyaeleza nimeyasikia pia kwa walimu tuliosoma pamoja ambao sasa wametawanyika mikoa jirani, na nikiitaja halmashauri moja nyingine zitajiona zimesalimika.

Mtumishi wa umma hufundishwa kufuata ngazi, nami nimezifuata. Niliandika kupitia kwa mkuu wa shule, barua ikapita kata, ikafika wilayani, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nilipofuatilia niliambiwa suala linafanyiwa kazi. Nikafuatilia tena, nikaambiwa mhusika yuko safarini Dodoma. Aliyenijibu kwa uaminifu ni karani wa masjala, ambaye alinong'ona kwamba faili lenyewe halionekani. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Lalamiko langu ni moja, ingawa lina matawi. Simu ikiwa mkononi mwa anayejifunza, mnaiita kosa. Simu hiyohiyo ikiwa mkononi mwa mtumishi, mnaitumia kana kwamba ni mali ya ofisi, bila kuichangia hata shilingi. Na kote kuwili, hakuna anayefundishwa namna ya kujifunza kwa kuitumia.

1. Vishikwambi vimelala kabatini

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 23, 2022, Serikali ilifanya jambo la maana. Vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu havikuachwa ghalani. Vilielekezwa kwenye elimu, na kuanzia Novemba mwaka ule walimu wakaanza kugawiwa. Nami nilisaini changu. Kilikuja na chaja na onyo: kikipotea au kioo kikipasuka, utakilipa.

Onyo hilo ndilo lililoamua hatima yake. Mwalimu mwenye mkopo benki na kodi ya nyumba hawezi kukiweka kifaa cha kulipia mikononi mwa watoto sitini. Kwetu vingi vimo kwenye kabati la chuma ofisini, betri zimekufa. Vingine viko majumbani na, tusidanganyane, vinachezewa gemu. Mafunzo tuliyopewa yalihusu namna ya kukiwasha na kujaza fomu ya makabidhiano. Namna ya kukiingiza kwenye kipindi cha dakika 40 hakuna aliyeigusa.

Naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu kinachopotea hapo, maana nikisema tu "teknolojia katika elimu" mtatikisa vichwa na kwenda chai.

Shule yetu ina chumba kilichoandikwa MAABARA mlangoni. Ndani mna meza, sinki zisizo na maji, na mizani moja ambayo kila mwalimu wa sayansi anaililia. Wanafunzi wangu wanatakiwa kuuelewa mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Wanaukariri: 9.8, basi. Lakini ndani ya simu janja ya kawaida, hata zile zilizokwisha kutumika zinazouzwa pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, kuna kitambuzi cha mchapuko na kuna maikrofoni. Iko programu ya bure iitwayo phyphox, iliyotengenezwa na wanafizikia wa Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, inayovigeuza vitu hivyo kuwa vifaa vya maabara. Ukishaiweka kwenye simu haihitaji intaneti.

Moja ya zana zake ni saa inayoanza na kusimama kwa sauti. Weka gololi juu ya rula kwenye kimo cha mita 1.25, igonge rula ichomoke. Mlio wa kugonga unaianzisha saa, mlio wa gololi kugota sakafuni unaisimamisha. Ni karibu nusu sekunde. Kwa saa ya kubonyeza huwezi, kwa sababu kidole kinachelewa. Kutoka hapo mwanafunzi anakokotoa mwenyewe. Huyu anapata 9.6, yule 9.9, wanaanza kubishana nani aliangusha vibaya na kama rula ilichomoka kwa wakati. Ubishi wa namna hiyo sijawahi kuupata kwa chaki.

Nimelifanya hilo kwa simu yangu mwenyewe, darasa zima limeizunguka simu moja. Waliokuwa nyuma waliambulia kusikia mlio. Hatua ishirini kutoka pale, kwenye lile kabati la chuma, palikuwa na vifaa vya kutosha kugawa darasa kwenye makundi ya watu watano watano.

Kuna na mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya yeye kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Ni majaribio ya kwenye kioo: mwanafunzi anaunga betri, waya na balbu, na akiunga vibaya betri inashika moto palepale kwenye kioo badala ya mezani kwangu. Hayo nayo ni bure, na yanapakuliwa. Mwalimu wa Jiografia au Kilimo atawapa orodha yake. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, na wenzangu wanaoufundisha wanalilia vitabu na vifaa kuliko mimi.

2. Kukutwa na simu

Fomu za kujiunga na shule zetu za Serikali huorodhesha makosa yanayoweza kumfukuzisha mwanafunzi. Kumiliki au kukutwa na simu limo humo, bega kwa bega na wizi, ulevi na dawa za kulevya. Oktoba 2019, huko Chunya, wanafunzi waliokutwa na simu walichapwa viboko hadharani na kiongozi wa mkoa wa wakati ule. Mabweni yalikuwa yameteketea, na hasira za wakubwa zilikuwa na chanzo. Hata hivyo tukio lile lilifika nchi nzima kwa video, na wengi wetu tuliitazamia wapi kama si kwenye simu?

Kwetu alikuwepo kijana wa kidato cha tatu. Nyumbani kwao ni mbali, kwa hiyo alikuwa amepanga geto na wenzake karibu na shule, kama wafanyavyo wengi. Mama yake alimnunulia simu ndogo ya kioo ili amtumie hela ya unga na kujua kama mtoto amelala salama. Akasahau kuiacha geto. Alipopekuliwa, simu ikakutwa na picha za ubao wangu, mitihani ya nyuma ya Baraza la Mitihani (NECTA) aliyoipakua, na nyimbo kadhaa. Alisimamishwa masomo. Katika wiki zile alionekana barabarani akipakia maparachichi kwenye malori. Alirudi, lakini kwa hesabu hajarudi mpaka leo. Mada ya logarithimu ilimpita, na logarithimu haina huruma.

Nisieleweke vibaya. Siombi kila mtoto aje na simu yake shuleni. Nimekuwa mwalimu wa zamu, najua mikeka ya kubeti inavyopitishwa chini ya dawati, najua picha zinazotumwa usiku bwenini, najua watoto wasiolala. Simu binafsi zibaki nyumbani wakati wa masomo, nakubali. Ninachokataa ni mtoto kutolewa darasani kwa kosa ambalo halijamuumiza mtu, wakati Baraza la Mitihani lenyewe linampelekea matokeo yake kwa simu, kupitia *152*00#. Mitihani ya nyuma ya Baraza nayo iko mtandaoni. Tunamtaka aisome kwa macho gani?

Najua pia mtanitajia Ufaransa. Kila kikao cha wazazi kuna anayeitaja Ufaransa. Ni kweli, sheria yao ya Agosti 2018 ilizuia simu katika shule za msingi na za sekondari ya chini. Ila sheria hiyohiyo iliacha mlango kwa matumizi ya kufundishia na kwa wanafunzi wenye ulemavu. Ripoti ya UNESCO ya Julai 2023 kuhusu teknolojia katika elimu nayo husomwa nusu: ilitaka simu ziingie darasani pale tu zinaposaidia kujifunza. Haikusema kifaa cha kufundishia kifungiwe kabatini. Na hilo la ulemavu naomba lisipite hivihivi. Simu janja ya leo humsomea maandishi kwa sauti mtu asiyeona, na huyakuza maandishi kwa mwenye uoni hafifu. Marufuku ya jumla inamnyima huyo miwani yake.

3. Bando la nani?

Hapa ndipo mnaponishangaza zaidi.

Likizo naiomba kwenye mfumo wa ESS. Utendaji wangu naujaza kwenye PEPMIS. Taarifa za wanafunzi zinaingia kwenye mfumo wa SIS. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, yanasomwa kwenye mfumo wa kujifunzia wa Taasisi ya Elimu Tanzania, na vitabu vya kiada viko kwenye maktaba mtandao ya Taasisi hiyohiyo. Maagizo ya ofisi yanakuja kwenye grupu la WhatsApp, saa nne usiku, yakiwa na maneno "kabla ya saa mbili asubuhi". Siyapingi haya. Mengine yamenipunguzia nauli ya kwenda wilayani. Ninauliza tu: yanaendeshwa kwa simu ya nani, na bando la nani?

Ofisi inanunua karatasi, wino na dizeli. Haijawahi kuninunulia MB. Mwalimu anayeanza kazi anatoa kwenye mshahara wake gharama ya kuifanyia Serikali kazi ya Serikali, kisha akikosa bando mwisho wa mwezi anaandikiwa barua ya kujieleza. Majibu ya barua hiyo nayo yanatakiwa yapigwe picha na kutumwa kwenye grupu.

Kwa MEWAKA matokeo yake ni haya. Jumuiya ya kujifunza ya shule inatakiwa ikae, ifungue moduli, ijadili, ijaribu darasani, irudi kujadili tena. Kwa mpango ni mafunzo mazuri kuliko semina za siku mbili hotelini, na nayatetea. Kiuhalisia, mwalimu mmoja mwenye bando anafungua moduli, anaisoma kwa sauti mpaka mtandao ukatike, wengine wanasaini mahudhurio na kurudi kusahihisha madaftari. Kwenye takwimu zenu tumehudhuria wote.

Wauguzi wa zahanati jirani wananieleza mambo yaleyale kuhusu mafunzo yao endelevu. Afisa ugani wetu anatakiwa kuwaunganisha wakulima na M-Kilimo, huduma ya ugani kwa njia ya simu, naye anaomba hotspoti kwa mwenye duka la pembejeo. Kuhusu minara nashukuru: mkataba wa minara 758 uliosainiwa Mei 2023 kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umefungua vijiji ambavyo vilikuwa gizani. Lakini mnara haununui bando, na mabonde ya huku, hasa mvua za Aprili zikishika, bado yana sehemu ambazo walimu hupanda kilimani kutuma taarifa.

4. Vyuo vinawaleta wakiwa wageni wa kifaa walichonacho mfukoni

Kila mwaka tunapokea wanachuo wa mafunzo kwa vitendo. Vijana wazuri, wana ari, kila mmoja ana simu janja kuliko yangu. Ukiwauliza wameandaa zana gani, wanatoa manila na kalamu za rangi. Ukiwauliza chuoni walitumiaje simu kujifunza, wanasema mkufunzi alikuwa akituma picha za noti kwenye grupu. Siku hizi wengine wanaiuliza akili mnemba iwaandikie azimio la kazi, nayo inawaandikia mada zisizomo kwenye mtaala wetu. Hakuna aliyewaonya.

Sinyooshei kidole chuo chochote. Hawa wanatoka vyuo tofauti na jibu ni moja. Ninachojua ni kwamba mkoa mmoja una chuo kishiriki cha elimu cha Mkwawa, mwingine una Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), Chuo Kikuu Huria kimekuwa kikiwafundisha watu wa mbali tangu miaka ya 1990, na vyuo vya ualimu vipo tangu enzi za wazazi wetu. Ujuzi haukosekani. Somo moja tu la kufundishia, ambalo mwanachuo anapimwa kwa kutumia kifaa mbele ya wanafunzi halisi, lingebadilisha mengi. Leo anapimwa kwa andalio la somo na usafi wa ubao.

5. Walioko gereji na mashambani

Hili nitalisema kwa ufupi kwa kuwa si eneo langu, ila nalo linawahusu. Mwaka 2016 VETA na Airtel walianzisha VSOMO: nadharia ya ufundi unaisoma kwa simu, vitendo unakwenda kuvifanya kwenye chuo cha VETA. Wazo hilo ndilo hasa mtu wa huku analihitaji, yule fundi pikipiki asiyeweza kufunga kibanda miezi sita aende darasani. Mafundi wa Mwanjelwa na Mafinga tayari wanajifunza kwa video, kwa Kihindi na Kichina wasichokielewa, wakitazama mikono tu. Kuna utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, na ni mzuri. Kwa nini fundi asirekodi kazi yake kwa simu, ikawa sehemu ya ushahidi wa kupimwa? Na makampuni ya chai na miti, ambayo tayari yanawasiliana na vibarua kwa simu, yanashindwa nini kuwatumia kwa njia hiyohiyo maelezo ya sauti ya usalama wa viuatilifu na misumeno?

Majibu ninayoyatarajia

"Hakuna bajeti." Vifaa vimeshanunuliwa, viko kabatini. Programu nilizozitaja ni za bure. Kuna Kolibri, programu ya masomo iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti, na Kiwix, inayobeba Wikipedia nzima, ya Kiswahili ikiwemo, bila mtandao. Zote mbili zinakaa kwenye kompyuta moja ndogo, hata ile ya ukubwa wa pakiti ya sigara, na vishikwambi vinasoma kutoka humo kwa waifai ya chumbani. Hakuna bando linaloliwa.

"Watoto wataangalia mambo machafu." Kifaa kisichofika kwenye intaneti kitayaonyesha kutoka wapi? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama ningeomba wafunguliwe mtandao. Siombi hivyo.

"Umeme hakuna." Mwaka 2017 hadi 2019, mkoani Tanga, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 walipewa vishikwambi kwenye mashindano ya Global Learning XPRIZE. Walivichaji kwa sola. Wengi hawakuwahi kukanyaga shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Programu zilizoshindania tuzo hiyo ziliandaliwa kwa Kiswahili na zikaachwa huria, yeyote azitumie. Yaani tulikuwa shamba la majaribio la dunia nzima, hapahapa nchini, halafu mtu ananiambia kwetu haiwezekani kwa sababu ya soketi.

"Imejaribiwa kwingine ikashindikana." Hapa nakubaliana nanyi nusu. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya watoto, na utafiti uliotoka 2012 haukuona tofauti yoyote katika hesabu wala lugha. Kifaa kikigawiwa bila mwalimu kuandaliwa, ni chuma tu. Ndicho kisa changu: ninyi mmegawa mkaishia hapo.

"Wazazi wengi wana vitochi." Kitochi, ile simu ndogo ya kubonyeza, kinatosha. Mwaka 2020 shule zilipofungwa, huku kwetu kuanzia Machi 17, tulitegemea redio na televisheni, na mwenye redio alikuwa shambani nayo. Botswana walifanya vingine. Walituma kwa wazazi ujumbe mfupi wenye hesabu chache kila wiki, kisha baadhi yao wakapigiwa simu na mwalimu kwa takriban dakika 20. Ujumbe peke yake haukusaidia sana. Ujumbe ukiambatana na simu, watoto walipanda katika hesabu. Kitu kilichofanya kazi ni sauti ya mwalimu ikimuuliza mtoto "umepataje?", na sauti hiyo inapita kwenye kitochi. Kwa likizo yetu ya Juni, huku ambako baridi na kazi za shamba humfanya mtoto asahau hata majedwali, hilo tungeweza kulianza bila kununua kitu. Tungehitaji dakika za kupigia tu, na tunarudi palepale: za nani?

Ninachoomba

Naomba mambo matano, na nimeyapanga kwa wepesi wa kuyatekeleza.

(a) Itolewe barua ya maandishi inayoruhusu vishikwambi vya Serikali kutumiwa na wanafunzi darasani chini ya usimamizi wa mwalimu, na inayosema kwamba uharibifu wa kawaida wa matumizi hautakatwa kwenye mshahara wake. Hii inahitaji karatasi moja na sahihi. Bila hiyo, mengine yote ni maneno.

(b) Mwanafunzi akikutwa na simu, simu ihifadhiwe, mzazi aitwe, mtoto abaki darasani. Adhabu kali zibaki kwa aliyeitumia kuumiza wengine au kuibia mtihani.

(c) Kila halmashauri itenge fungu dogo la mawasiliano kwa watumishi wanaolazimika kutumia mifumo ya Serikali kwa simu zao, au shule ipewe waifai ya kazi. Likiwekwa kwenye bajeti, lisomwe kwa jina lake, lisifichwe kwenye "matumizi mengineyo" ambayo hatujui huishia wapi.

(d) Zichaguliwe shule chache za kuanzia, mojawapo iwe ya bondeni kusiko na mtandao, ziwekewe kompyuta ndogo yenye Kolibri na Kiwix na vitabu vya Taasisi ya Elimu, pamoja na paneli ya sola. Vijana wa kompyuta pale MUST wanaweza kuifanya hii kama mradi wa mwaka wa mwisho, na kuja kurekebisha ikigoma. Matokeo yapimwe kwa mitihani, yatangazwe hata yakiwa mabaya.

(e) Vyuo vya ualimu viweke kipimo cha kufundisha kwa kifaa katika mafunzo kwa vitendo, na waajiri waelezwe kwamba mafunzo ya kazini kwa simu ni saa za kazi, si saa za mtumishi kulala.

Kama kuna lisilowezekana hapo, niambieni lipi na kwa nini. Nipo tayari kuitwa, nipo tayari kuja na gololi na rula yangu nionyeshe mezani kwenu. Itachukua muda mfupi kuliko kufungua kikao. Nitasubiri mpaka shule zitakapofunguliwa Januari. Majibu yakija nitayatoa hadharani kama yalivyo, hata yakiwa yananikosoa. Yasipokuja, hoja hizi nitaziwasilisha kwa bodi ya shule na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako wazazi wameshaanza kuniuliza lile kabati lina nini.

Kwa heshima,

Mwalimu wa Fizikia na Hisabati,
Sekondari ya kata, Nyanda za Juu Kusini.

Nakala:
Wakuu wa shule na vyuo, kwa taarifa.
Wathibiti ubora wa shule, kwa ufuatiliaji.
Karani wa masjala, kwa faili jipya.